Ephrahim dhidi ya Pastory

Ephrahim dhidi ya Pastory ni kesi ya mirathi na ardhi ya ukoo iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Mwanza tarehe 22 Februari 1990. Katika hukumu hiyo Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Kesi hiyo hutajwa mara nyingi katika masomo ya sheria na haki za binadamu, ndani na nje ya Afrika Mashariki.

Sheria za mila kabla ya kesi

Katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kibanja cha migomba na kahawa huhesabiwa kuwa mali ya ukoo, si ya mtu mmoja tu. Binti anaweza kuolewa katika ukoo mwingine, hivyo wazee waliona kwamba ardhi atakayopewa itatoka mikononi mwa ndugu zake.

Wakati wa ukoloni wa Kiingereza mila hiyo iliandikwa. Mwaka 1944 mamlaka ya wenyeji ya Bukoba ilitoa kanuni kuhusu mashamba yanayorithiwa na wanawake: mrithi wa kike aliruhusiwa kutumia shamba, lakini si kuliuza. Baada ya uhuru, Tamko la Sheria za Mila (Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963) lilifuata njia hiyohiyo. Kanuni yake ya 20 ilisema kwamba wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo wangeitumia tu bila kuiuza. Wangeweza kuimiliki kabisa endapo tu hakuna mwanamume aliyebaki katika ukoo.

Mwaka 1968 suala hilo lilifika Mahakama Kuu. Jaji aliwaonea huruma wanawake, lakini akasema mahakama haiwezi kubatilisha mila. Mabadiliko lazima yatoke kwenye jamii yenyewe.

Chanzo cha shauri

Mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka akawa hana mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza ardhi hiyo kwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo wao.

Siku iliyofuata mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mauzo ni batili kwa sababu shangazi yake, akiwa mwanamke, hakuwa na mamlaka ya kuuza. Mahakama ilikubaliana naye na kuamuru fedha zirudishwe kwa mnunuzi. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilitengua uamuzi huo kwa kutegemea Hati ya Haki katika Katiba. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Hukumu

Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi hawakuweza kuitumia mahakamani hadi Machi 1988, miezi michache tu kabla ya mauzo hayo. Sheria ya mpito ya mwaka 1984 iliagiza mahakama zisome sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba.

Jaji Mwalusanya alitumia agizo hilo. Alisema kanuni inayomzuia mwanamke kuuza inapingana na Ibara ya 13(4) inayokataza ubaguzi. Alikumbusha pia kwamba Tanzania imeridhia mikataba ya kimataifa, ukiwemo ule wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Hoja hii ilikuwa na uzito, kwa kuwa neno "jinsia" halikuwamo katika orodha ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa na Katiba. Liliongezwa mwaka 2000.

Hata hivyo jaji hakufuta mila yote. Kwa mila ya Kihaya, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu, ndugu wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji aliiacha kanuni hiyo, akataka itumike sawasawa kwa wanaume na wanawake. Kwa hiyo mauzo yalikuwa halali, na mpwa alipewa miezi 6 kuikomboa ardhi kwa shilingi 300,000. Akishindwa, ingekuwa mali ya mnunuzi. Aliyetaka ardhi ibaki katika ukoo alipaswa kuilipia.

Baada ya hukumu

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Vijiji inabatilisha pia mila inayowanyima wanawake ardhi.

Lakini hukumu ya Mwanza haikufuta kanuni nyingine za mirathi za mwaka 1963, kama ile inayompa binti fungu dogo kuliko ndugu zake wa kiume na ile inayomnyima mjane urithi wa mumewe. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, ila ikakataa kuzifuta, ikisema mila hazibadilishwi kwa amri ya mahakama. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba uleule aliourejea Jaji Mwalusanya iliona kwamba haki za wajane hao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria zake.