Chakula Kwanza, Kata Baadaye: Tunazuru Kilabu cha Mbege

Kaeni vizuri, kila mtu na daftari lake. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno matano: ulezi, kimea, chachu, kileo, kata. Yasomeni kwa sauti. Maneno haya ndiyo yatakayotuongoza katika safari yetu ya leo.

Twende Marangu, katika mkoa wa Kilimanjaro, nchini Tanzania. Huko watu hupanda migomba na kahawa pamoja, kuizunguka nyumba. Shamba hilo huitwa kihamba. Ndizi ni chakula chao, na ndizi ni pombe yao. Pombe hiyo ni mbege. Hunywewa harusini, na hunywewa wazee wanapowapatanisha watu waliogombana. Tena huuzwa kilabuni.

Sisi tutafika kilabuni saa sita mchana, wakati wa chakula. Hatuendi kunywa tu. Tunakwenda kujua tunachokunywa. Mtu asiyejua kilichomo katika kata yake hawezi kuilinda afya yake. Na wewe usiyekunywa, njoo vile vile. Chakula kipo, na mafunzo ni ya wote.

Ukifika, mwamkie mama mpika pombe: "Shikamoo, mama." Atakuitikia: "Marahaba, karibu." Mwombe akuonyeshe kazi yake.

Kwanza utaona ndizi mbivu. Humenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi mpaka zikawa nyekundu. Kisha hutiwa katika pipa, hufunikwa, na kuachwa siku kadhaa, mara nyingi kama juma moja. Tega sikio karibu na pipa. Utasikia kama kitu kinachemka, lakini moto haupo. Ni nini hicho?

Ni chachu. Chachu ni viumbe hai vidogo sana, wala huvioni kwa macho. Hamira inayoumua maandazi ni chachu pia. Chachu hula sukari ya ndizi, na hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni hewa, ndiyo inayoleta mapovu. Cha pili ni kileo, ndicho kinacholevya. Tangu zamani wapika pombe waliijua kazi hii kwa mikono yao. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, aliandika kitabu juu ya bia mwaka 1876. Humo alieleza kazi ya chachu, na jinsi vijidudu vingine vinavyoiharibu bia.

Sasa tazama ulezi. Huloweshwa, huachwa uote, hukaushwa, kisha husagwa. Ulezi ulioota ndio kimea. Kwa nini uoteshwe? Punje ya ulezi imejaa wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Lakini punje inapoota, hutengeneza kitu cha kugeuza wanga kuwa sukari. Ukitafuna punje iliyoota utaonja utamu.

Unga wa kimea hupikwa uji. Uji ukipoa, huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Mama hutia pia maji yaliyochemshwa pamoja na magome ya mti uitwao msesewa, ili pombe iwe chungu kidogo. Kesho yake mbege iko tayari.

Hapa mwalimu asimame kidogo, aulize darasa: moto ulitumika wapi? Ndizi zilichemshwa. Uji ulipikwa. Lakini baada ya kuchanganya, hapana moto tena. Mama hawezi kuichemsha mbege, kwa maana moto ungeiua chachu na kukifukuza kileo. Basi uchafu wowote unaoingia baada ya kupoa hubaki humo, nawe utaunywa. Usiseme, "Pombe huua vijidudu." Kileo cha mbege ni kidogo. Hakitoshi kuua vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu.

Kwa hiyo, kabla ya kukaa, tazama mambo manne. Je, pipa limefunikwa? Je, maji yaliyoongezwa yalichemshwa? Je, kata huoshwa kila mtu anapomaliza kunywa? Je, kuna choo, na maji ya kunawa na sabuni? Uliza kwa adabu. Mpika pombe aliye safi huwa na majibu, na hufurahi kuulizwa.

Tena usichanganye mbege na gongo. Mbege ni nzito, ina rangi ya udongo. Gongo ni nyeupe kama maji, nayo hupatikana kwa kukusanya mvuke wa pombe iliyochemshwa. Nguvu yake ni kubwa sana. Pombe kali ya kificho huweza kutiwa methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Mwezi wa Mei 2014, katika nchi ya Kenya, watu zaidi ya 60 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Mtu akikuletea chupa isiyojulikana ilikotoka, ikatae, hata akiwa rafiki yako.

Sasa nawa mikono, tule. Agiza machalari, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na nyama. Ule kwanza, ndipo uombe kata. Sababu ni hii. Kileo huingia damuni upesi kikishafika katika utumbo. Tumbo likiwa na chakula, huchelewa kukipeleka huko. Likiwa tupu, kileo hupita mbio na kukipanda kichwa.

Lakini chakula hakikiondoi kileo. Kazi hiyo ni ya ini, nalo hufanya kazi polepole. Kahawa haiwezi kuliharakisha, wala maji ya baridi. Kwa hiyo aliyekuja kwa pikipiki au gari, na anywe maji tu. Njia za mlimani zina kona nyingi, na nyumbani wanakungoja. Mwanamke mwenye mimba asinywe kabisa, wala mtoto asipewe.

Lipa haki ya mama, umshukuru, kisha urudi nyumbani kungali mchana.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini ulezi huoteshwa kabla ya kusagwa?
2. Chachu hula nini, na hutoa nini?
3. Kwa nini usafi wa kata ni jambo kubwa katika mbege?
4. Rafiki yako amekunywa, naye ataka kuendesha pikipiki. Utamwambia nini?

Andikeni majibu katika madaftari.