Mfuniko wa mlango wa nyuma: funguo zisilale tena chini ya mifuko

Kila mtu aliyepanda kutoka Sake kwenda Mushaki na Rubaya, ama aliyeteremka kutoka Masisi-centre kuelekea Nyabiondo na Walikale, anajua hali hii. Jipi imekwama mu matope, na giza linaingia. Ndani mumejaa watu, kati ya watu kuna mabidoni, chini ya watu kuna mifuko ya maharagi, na chini ya maharagi, kabisa kabisa, ndiko kriki na funguo zimelala. Shofere anashuka, anazunguka nyuma, anapiga mikono: "Mushuke wote, bamama pia, tutoe mizigo!" Mvua inanyeshea watoto na maharagi yanawekwa mu matope. Yote hiyo kwa sababu ya ufunguo mmoja wa 14.

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho mafundi wengi wa garaji wanaweza kutengeneza kwa mikono yao: mfuniko wa kuwekea vyombo ndani ya mlango wa nyuma wa jipi za zamani. Wengine watasema hiyo ni kazi ya watu wenye pesa. Hapana. Hapa kwetu jipi ya zamani ndiyo basi, ndiyo kamio, na siku shimo linapoporomoka, ndiyo ambulansi pia.

Tukumbuke kidogo tunakotoka. Kule Bisie, mu Walikale, kasiterite ilipoanza kuchimbwa mwaka 2002, hakukuwa na njia ya gari mpaka kwenye mashimo. Vijana walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, wakatembea msituni mpaka Njingala. Kutoka pale magari yaliipeleka Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, kipande cha lami, na kupeleka madini Goma. Gari zilizovumilia kazi hiyo hazikuwa mpya. Zilikuwa Land Cruiser na Land Rover zenye umri wa kijana mzima, na mpaka leo ndizo bado ziko njiani.

Ukiangalia vizuri, jipi hizi ziko na milango ya nyuma ya aina tatu. Ya kwanza ni mlango uliogawanyika juu na chini. Kioo kinainuka juu, na kipande cha chini kinalala kama meza. Ndivyo ilivyo kwa Land Cruiser ya 80, iliyotoka mwaka 1990, na kwa nyingi za 60, zilizoanza mwaka 1980. Ya pili ni milango miwili inayofunguka kando, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, kama tunavyoiona kwenye zile ndefu za 70, familia iliyoanza mwaka 1984 na ambayo ingali inatengenezwa. Ya tatu ni mlango mmoja unaofunguka kando, kama wa Land Rover Defender, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016.

Mlango wa aina ya kwanza ndio unaofaa zaidi. Kipande kile cha chini siyo tole moja. Ni tole mbili, na katikati kuna uwazi. Upande wa ndani kuna kibamba kilichofungwa kwa buloni. Ukizitoa utaona kufuli, vyuma vyembamba vinavyovuta ndimi za kufuli kulia na kushoto, pengine na nyaya. Nafasi inayobaki haina kazi: inasafiri bure kila siku. Mu Australia na Marekani, watu wanaotunza jipi hizi wamekuwa wakiondoa kibamba kile na kuweka kingine chenye mfuniko wa kufunguka. Kuna hata karakana zinazouza mifuniko iliyokatwa tayari kwa kila aina ya gari. Siye hatuna haja ya kuagiza. Kipimo kiko kwenye gari lenyewe.

Kazi inaanza na kartoni. Toa kibamba cha zamani, kilaze juu ya kartoni, chora ukingo wake wote na kila tundu la buloni. Kata, kisha rudisha kartoni kwenye mlango uone kama inakaa sawa. Kama imekataa, umepoteza kartoni tu. Tole bado iko nzima. Kibamba kipya kifungwe kwa matundu yale yale ya zamani. Usitoboe mlango mupya mupya, maana kila tundu jipya ni mlango wa kutu, na mvua ya Walikale haichoki.

Halafu uzito. Hapa mafundi wengi wanakosea, wanafikiri kizito ndicho chenye nguvu. Tuchukue kibamba cha urefu wa metre 1 na kimo cha santimetre 35. Kikiwa cha chuma cha milimetre 2, kitakuwa na kilo 5 na nusu hivi. Kikiwa cha aluminiamu ya milimetre 3, kilo 2 na gramu 800. Tripleksi ya milimetre 12 inakaribia kilo 2 na nusu, lakini inakunywa maji kama haikupakwa rangi pande zote, hata kwenye kingo. Aluminiamu inashinda, ila isipelekwe kwa sudere wa kawaida: posti ya kuchomea chuma haiiwezi vizuri. Ifungwe kwa riveti ama kwa buloni ndogo. Asiye na aluminiamu atumie chuma, mradi akate mfuniko mdogo zaidi.

Kwa Defender na kwa zile za 70, uzito ni jambo la kuogopa zaidi. Mlango unaofunguka kando unaning'inia kwenye bawaba zake, na mara nyingi unabeba pine ya akiba. Kwa njia zetu za mawe, kila ruko linavuta bawaba zile. Ukiongeza sanduku lililojaa vyuma, mlango utaanza kulala, baadaye hautafunga, mwisho utapasuka tole kwenye buloni. Kwa aina hizo tunashauri mfuko bapa wa turubai ama kisanduku chembamba, kiwe karibu na bawaba na siyo kwenye ncha ya mlango. Na muweke humo vitu vyepesi tu: bandeji, glavu, torshi, fyuzi.

Bawaba ya mfuniko wenyewe iwekwe upande gani? Kwa mlango unaolala kama meza, iweke upande wa karibu na gari. Hivyo ukilaza mlango na kuinua mfuniko, unaegemea mizigo na kusimama peke yake. Mikono yote miwili inabaki huru. Ukiiweka upande wa nje, mfuniko utakufungukia tumboni na kukuziba usione ndani. Tena, mlango ukiwa umefungwa na kufuli ya mfuniko ikaachia njiani, mizigo yenyewe itauzuia usidondoke.

Kabla ya kutia chombo chochote, funika mashine ya kufuli kwa kijisanduku cha tole nyembamba. Hilo lisisahauliwe. Ufunguo ukidondoka kati ya vile vyuma vyembamba, mlango hautafunguka tena, na funguo za kuufungulia ziko ndani yake! Chini ya mlango kuna vitundu vya kutoa maji, visizibwe. Ukingo wa mfuniko uzungushiwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli: unazuia vumbi na kelele. Vyombo vifungwe mu kitambaa ama mu turubai, kila kimoja na kamba yake. Na sudere asichomee kitu juu ya gari wakati kibamba kinaweza kutolewa na kupelekwa karakana. Tangi la mafuta haliko mbali na pale.

Sasa ndani kuingie nini? Funguo zinazotumika kila siku, za 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi, koleo, mkanda wa akiba wa motere, vyombo vya kuziba pine, fyuzi, torshi, waya. Hata bati la kuchomelea waya wa taa liwe humo. Bati hilo, kwa njia, ni mtoto wa kasiterite ya Walikale na ya pengine duniani. Linatoka kwetu likiwa jiwe, linarudi sokoni Goma likiwa uzi kwenye kikoba.

Upande mmoja wa uwazi ule uwe wa huduma ya kwanza peke yake: glavu, bandeji, vitambaa vya pembe tatu, mkasi, vyote mu mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Wake za wachimbaji wanaelewa kwa nini tunasisitiza. Msimu wa mvua udongo wa mashimo unalegea. Mtu anatolewa na mguu uliovunjika ama anavuja damu, na gari la kwanza linalopatikana ndilo linalomchukua. Dakika za mwanzo ndizo zinazohesabika. Kama bandeji iko chini ya mifuko, ni kama haiko. Kama iko mu mlango, mwenye mikono anaufungua tu na anaanza kazi, wakati wengine wanatandika godoro.

Lakini kuna neno ambalo lazima tuliseme wazi. Mfuniko si maficho. Kwenye barieri zetu gari lina macho mengi juu yake. Kwa miaka mingi, maeneo yaliyoingia mu mpango wa iTSCi yalifunga mifuko ya madini kwa lebo zenye namba, ili ijulikane imetoka shimo gani na imepitia kwa nani. Madini bila karatasi ndani ya uwazi wa mlango yanaitwa fraude. Coltan ni nzito, na kifuko kidogo tu kinaweza kutia shaka juu ya mzigo mzima, hata ule wenye karatasi zake zote, na juu ya kila abiria aliyelipa nafasi yake kwa haki. Kwa hiyo mfuniko uonekane. Upakwe rangi tofauti na mlango, nyekundu ama nyeupe, kufuli yake iwe ya kufunguka kwa mkono, na shofere awe wa kwanza kusema: "Hapa ni vyombo na bandeji, patron, angalia." Chenye kuonekana hakitafutwi kwa nyundo.

Vitu vingine pia visiingie humo hata siku moja: petroli, asidi ya batri, baruti na vifaa vyake. Mlango wa nyuma ndio unaogongwa gari likirudi nyuma ama likipigwa na lingine mu teremko.

Kazi ikiisha, msiisifu mbele ya garaji. Mpime hivi. Pakia gari kama siku ya soko, watu na mifuko yote mahali pake. Ngoja iwe giza. Mwite mtu asiyejua gari lile, hata mama aliyekuja kuuza sombe, umwambie: "Mama, tupatie bandeji." Kama ameilaza ile meza, ameinua mfuniko na kuitoa bila kushusha mfuko hata mmoja, fundi wenu amefanya kazi. Kama amekwama, rudini kwenye kartoni.