Kwa nini kurasa nyingine za intaneti hula bando?

Wasikilizaji wetu wengi mmekutana na hali hii. Uko Sikonge au Urambo, mtandao unasuasua, unafungua ukurasa kutazama matokeo ya mtihani wa mtoto. Kiduara kinazunguka, ukurasa unabaki mweupe, kisha ujumbe unaingia: bando limekwisha. Tatizo si mtandao peke yake. Mara nyingi ni uzito wa ukurasa wenyewe.

Ukurasa huletwa kwenye simu ukiwa na maandishi, picha, na programu zinazofanya vitufe na fomu vifanye kazi. Mafundi wa kurasa hawaandiki programu zote upya. Huanza na kiunzi kilichokwisha kutengenezwa, kama fundi anayejenga kwa mbao zilizochongwa tayari. Kiunzi hicho nacho husafiri hadi kwenye simu yako, na gharama ni yako.

Tabora tunajua habari za mizigo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Kilichozidi kilimwelemea mtu njiani. Kurasa nyingi leo hufungashwa na mtu aliye mjini, mwenye mtandao wa kasi na simu ya bei kubwa; uzito hausikii.

Kiunzi kinachotumika sana ni React, kilichotolewa na Facebook mwaka 2013. Mwaka 2015 Jason Miller alianzisha Preact, kinachofanya karibu kazi zilezile kwa kilobaiti 3 hivi kikibanwa. React ni kizito zaidi ya mara kumi.

Utasema picha moja huzidi hapo. Kweli. Lakini picha ikifika huonyeshwa tu. Programu lazima simu iisome na kuitekeleza ndipo kitufe kiitike, na simu ya bei ndogo hufanya hivyo taratibu. Ndiyo maana wakati mwingine ukurasa unaonekana, unabonyeza, hakuna kinachotokea.

Kiunzi chepesi hakiponyi kila kitu. Ukirundika matangazo na picha kubwa juu yake, bando litakwenda vilevile. Na tangazo la bei ya tumbaku halihitaji kiunzi; maandishi yanatosha.

Wewe ufanye nini? Usifute akiba ya kivinjari mara kwa mara: humo hutunzwa vipande vilivyokwisha kupakuliwa, ili visipakuliwe tena. Ukitumia Opera Mini, unaweza kuzima picha.

Na chama chenu cha ushirika kikitaka kutengenezewa ukurasa, mwulizeni fundi kabla ya kumlipa: una kilobaiti ngapi, na umeujaribu kwenye simu ya bei ndogo, kijijini?