Uchafu kidogo waweza kuiokoa kauri au kuivunja

KATIKA mazungumzo ya kila siku, neno uchafu humaanisha kitu kinachopaswa kuondolewa. Kwa wataalamu wanaotengeneza kauri kutokana na oksidi za metali, jambo hilo si jepesi kiasi hicho. Kuna uchafu unaoharibu kazi yote hata ukiwa mdogo sana, na kuna mwingine ambao pasipo huo kazi haifaulu.

Mfano ulio karibu na mkazi wa mjini ni taa ya barabarani yenye mwanga wa manjano. Ndani ya taa hiyo mna kijibomba cha alumina, yaani oksidi ya alumini, kinachobeba mvuke wa sodiamu. Kioo cha kawaida huliwa na mvuke huo unapopata joto kali. Alumina huustahimili, lakini zamani ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilikuwa nyeupe kama sahani, wala haikupitisha mwanga vya kutosha.

Chanzo cha kasoro hiyo ni namna kauri inavyotengenezwa. Alumina huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, hivyo si rahisi kuiyeyusha na kuimimina. Badala yake, unga wake hushindiliwa katika umbo linalotakiwa, kisha huchomwa katika tanuri kwa joto la chini ya hapo. Punje zake hushikana, na nafasi zilizo kati yake hupungua hadi kubaki vitundu vidogo mno. Vitundu hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga.

Vitundu hutoweka taratibu iwapo vitabaki kwenye mipaka ya punje, kwa kuwa mipaka hiyo ndiyo njia ya kuvijaza. Hata hivyo, katika joto hilo punje kubwa humeza ndogo. Zikikua kwa pupa, mipaka huvipita vitundu na kuviacha vimefungwa ndani ya punje. Vikishafungwa humo, hata tanuri likiwaka siku nzima, ni vigumu kuviondoa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Marekani, Robert Coble, akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, alipata dawa ya tatizo hilo. Aliongeza oksidi ya magnesi kwa kiasi kisichofika nusu ya asilimia moja, yaani chini ya gramu 5 katika kila kilo ya unga. Magnesi hiyo ilizuia punje chache zisikue kupita nyingine, vitundu vikapata muda wa kutoweka, na alumina ikaanza kupitisha mwanga. Taa za sodiamu zilizotumia kauri hiyo ziliingia sokoni mwaka 1965.

Kalsiamu na silika hufanya kinyume chake. Chembe za kalsiamu ni kubwa kuliko za alumini, hivyo hazienei vyema ndani ya fuwele na hukusanyika mipakani. Zikikutana na silika, huweza kufanya utando mwembamba wa kioo ambao huziachia baadhi ya punje zikue ovyo. Makumi machache ya sehemu za kalsiamu katika milioni moja yaweza kutosha kuleta athari hiyo.

Madhara yake hayaishii kwenye taa. Mwaka 1970, daktari Mfaransa Pierre Boutin alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia za alumina. Kauri za mwanzo zilikuwa na punje kubwa na vitundu vingi, na baadhi zilivunjika zikiwa mwilini, kwa sababu punje kubwa hurahisisha ufa kuanza. Baadaye watengenezaji walitumia unga safi zaidi wenye magnesi kidogo, wakapata punje za mikromita chache tu, na matukio ya kuvunjika yakapungua sana.

Kwa sababu hiyo, lebo inayosema unga una usafi wa asilimia 99.5 haimtoshelezi mtengenezaji makini. Magunia mawili yenye lebo hiyo yaweza kutoa kauri mbili tofauti kabisa, moja imara na nyingine ya kuvunjika. Swali la kuuliza kabla ya kuwasha tanuri ni kwamba, hiyo nusu ya asilimia iliyobaki ni kitu gani?