Chombo Chetu, Ufunguo wa Nani?

Hapana ubishi kwamba mtu anunuapo chombo kwa fedha zake halali, chombo hicho ni chake. Lakini vipo vyombo ambavyo mnunuzi hupewa mkononi, ufunguo akabaki nao mtengenezaji.

Tuchukue mfano wa iPod, chombo cha muziki cha mfukoni ambacho kampuni ya Apple ya Marekani ilikitoa mwaka 2001 na kukikomesha mwaka 2022. Nyimbo zilitiwa humo kwa programu ya kampuni hiyo hiyo, iTunes. Mafaili yalifichwa kwa majina ya herufi nne yasiyo na maana, na orodha yake ikaandikwa katika daftari maalumu la chombo. Kuingiza nyimbo kulikuwa rahisi. Kuzirudisha kwenye kompyuta nyingine kulikataliwa. Aliyeharibikiwa na kompyuta aliweza kuzisikiliza nyimbo zake, asiweze kuzihamisha.

Wataalamu wa nje hawakukaa kitako. Waliandika programu zao, kama gtkpod kwa watumiaji wa Linux, ambao hawakutengenezewa iTunes kabisa. Mwaka 2007 Apple ilitia katika iPod mpya alama ya siri ya kuthibitisha daftari lile, programu hizo zikakwama. Siku chache baadaye alama ikafumbuliwa. Nao mradi wa Rockbox uliandika programu nzima ya kuendeshea vyombo vya namna hii, na iPod nyingi za zamani zinaweza kuitumia hadi leo.

Tunakubali kwamba msanii anastahili ujira wake na wizi uzuiwe. Lakini kufuli ile haikubagua: hata sauti aliyojirekodia mtu mwenyewe ilifungiwa humo humo.

Jambo hili linatugusa sisi wa visiwani. Santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928 hazikuuliza gramafoni imetengenezwa na nani. Leo tarabu, maulidi na masimulizi ya wazee wetu yanawekwa katika kompyuta na simu.

Rai yetu kwa maofisa wanaonunua vyombo vya kuhifadhia sauti ni hii: kabla ya kutia sahihi, waulize iwapo sauti hizo zitaweza kutolewa kwa programu ya mtu mwingine siku kampuni itakapofunga milango. Wananchi nao waweke nakala katika mafaili ya kawaida, kama MP3.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likishikwa na mwingine, hasara ni ile ile.