Lenzi Mbili na Dirisha Moja

Sogeeni karibu, wapwa wangu. Mvua ya alasiri imeanza hapa Nyaramba, basi tuzungumze tukiwa ndani.

"Mjomba, mbona mpiga picha wa arusi huzungusha lenzi yake?"

Umeuliza vizuri sana! Simama pua ikigusa dirisha. Unaona nini? Ua wote, ng'ombe, na majani chai hadi bondeni. Hiyo ni lenzi ikiwa kwenye milimita 24. Sasa rudi nyuma. Unaona nini? Mgomba mmoja. Hiyo ni milimita 70. Rudi nyuma tena. Unaona nini? Mkungu wa ndizi tu. Hiyo ni milimita 105. Kipande hicho kidogo kikijaza picha nzima, cha mbali huonekana karibu. Lenzi ya zumu hukusogeza dirishani na kukurudisha nyuma bila wewe kuinua mguu.

"Je, ni hivyo kwa kila kamera?"

La. Hapa nasema kamera ya fremu kamili. Kihisi chake, yaani kibao kinachopokea mwanga, kina milimita 36 kwa 24, kama picha moja ya filamu ya zamani. Kwa lenzi ileile, kihisi kidogo huona eneo dogo zaidi.

Siku moja lenzi mbili zilibishana mkobani.

"Mimi ni 24-105," ikasema ya kwanza. "Nafika mbali. Mchuma chai aliye kwenye mteremko wa pili, namleta karibu. Tundu langu la kuingizia mwanga hufunguka hadi f/4."

"Mimi ni 24-70," ikajibu ya pili. "Sifiki huko. Lakini tundu langu hufunguka hadi f/2.8."

"Mjomba, 2.8 si ndogo kuliko 4?"

Hongera, umesikiliza! Namba ikipungua, tundu hupanuka. f/4 ni kufungua ubao mmoja wa dirisha. f/2.8 ni kufungua mbao zote mbili: mwanga huingia maradufu. Kanisani, mawingu yakitanda na kwaya ikicheza, mwanga huo huiwezesha kamera kupiga haraka, na mikono ya waimbaji haitoki na ukungu. Lakini vioo vya lenzi ya f/2.8 ni vikubwa, kwa hiyo mara nyingi lenzi hiyo ni nzito na ghali zaidi.

"Basi nichague ipi?"

Ukipiga picha mchana, shambani na sokoni, chukua 24-105. Ukiitwa kanisani na kwenye sherehe za usiku, chukua 24-70. Bado huna hakika? Kagua picha ulizokwisha kupiga. Nyingi zilikosa mwanga, au zilikosa kufika mbali? Jibu lako limo humo, mpwa wangu mdadisi.