Na, Au, Si, Wala: Viunganishi vya Kiswahili na Malango ya Kompyuta

Msomaji wa jarida hili huenda akastaajabu kukuta humu makala juu ya nyaya na umeme. Walakini kompyuta ikichunguzwa hadi chini kabisa yaonekana kuwa imejengwa kwa maneno machache ambayo kila mwanasarufi ayajua: na, au, si. Tofauti ni kwamba mtambo huyashika maneno hayo kwa maana moja tu, kavu, isiyogeuka, hali sisi wasemaji twayatumia kwa maana kadha wa kadha. Afundishaye somo hili kwa Kiswahili hana budi kuchagua: ama abaki na majina ya Kiingereza, ama ayatwae maneno yetu na kuyafunga katika maana hiyo kavu. Mimi nashika njia ya pili.

Asili ya mambo haya ni George Boole, Mwingereza wa Lincoln aliyekuwa profesa huko Cork, Ireland. Katika vitabu vyake vya mwaka 1847 na 1854 alionyesha kwamba kauli zaweza kufanyiwa hesabu kama namba, kweli ikiandikwa 1 na uwongo 0. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alitambua katika tasnifu yake kwamba hesabu hiyo yaeleza sawasawa mwenendo wa swichi za umeme. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja, taa haiwaki mpaka ya kwanza iwe imewashwa na ya pili pia: hiyo ndiyo NA. Zikiwa sambamba, kila moja katika njia yake, taa yawaka ikiwashwa ya kwanza au ya pili: hiyo ni AU. Na swichi iliyopangwa ili umeme ukiingia taa izimike, hiyo ni SI. Kipande kifanyacho kazi mojawapo ya hizi huitwa lango. Siku za Shannon malango yaliundwa kwa swichi zivutwazo na sumaku. Baada ya transista kubuniwa katika maabara ya Bell mwaka 1947, yaliendelea kupungua ukubwa hata leo mabilioni huenea katika kipande kisichozidi ukucha.

Neno lenye matata ni au. Tangazo likisema, “Mwenye homa au kikohozi aje kwa mganga,” aliye na vyote viwili hafukuzwi mlangoni. Lakini mwenyeji akiuliza, “Utakunywa chai au kahawa?” hatazamii kuambiwa vyote. Boole mwenyewe alilitumia kwa maana ya pili, vitu viwili visivyochangamana. Mwaka 1864 William Stanley Jevons alimpinga na kushika ile ya kwanza, na wanamantiki wengi wakamfuata. Mtambo hautaki ubishi huo, bali wazihitaji maana zote mbili, kila moja na lango lake. Hapa Kiswahili chatufaa, kwa kuwa ama… ama huelekea upande wa kutenga: “Ama aje leo ama kesho.” Najua wako wasemaji wasiotofautisha au na ama. Hata hivyo istilahi ni mapatano, na mapatano yanayoegemea hisia iliyopo hukumbukwa kwa urahisi kuliko yale yasiyoegemea kitu.

Faida yake yaonekana katika kujumlisha. Katika hesabu ya msingi wa mbili hakuna tarakimu ila 0 na 1, na 1 kwa 1 hufanya 10. Tarakimu ya kuandikwa safuni ni 1 iwapo ama hii ama ile ni 1, si zote mbili; tarakimu ya kupelekwa safu ya kushoto ni 1 iwapo hii na hii ni 1. Basi lango la AMA na lango la NA, yakipokea nyaya zile zile, yamekwisha kujumlisha.

Sasa tutazame ukanushi. Tukisema, “Hakununua sukari na chai,” wasikiaji wengi wataelewa kwamba alirudi mikono mitupu. Mtambo hauelewi hivyo: kwake, si ikiikanusha kauli nzima, yawezekana kuwa alinunua kimoja. Ile maana ya mikono mitupu ina neno lake, nalo ni wala: “Hakununua sukari wala chai.” Neno hili la asili ya Kiarabu, wa na la, laeleza barabara lango litoalo 1 pale tu ambapo hakuna hata kimoja kiingiacho kilicho 1.

Na lango hili si dogo. Mwaka 1913 Henry Sheffer alithibitisha kwamba tendo moja la namna hii latosha kuzaa mengine yote. Lilishe WALA kitu kimoja mara mbili, utapata SI. Kanusha WALA, utapata AU. Kanusha kwanza vyote viwili ndipo uvitie katika WALA, utapata NA. Kompyuta ya vyombo vya Apollo, iliyoongoza watu kutua mwezini mwaka 1969, mantiki yake ilijengwa kwa malango ya WALA matupu.

Tena WALA mbili zaweza kukumbuka. Kila moja ipewe waya mmoja wa nje, na waya wake wa pili utoke kwa mwenzake. Tia 1 katika waya wa nje wa lango la kwanza: la kwanza latoa 0, na la pili, lisipokuwa na 1 popote, latoa 1. Sasa iondoe ile 1 ya nje. Hakuna kinachobadilika, kwa sababu 1 ya lango la pili yaendelea kulizuia la kwanza. Tendo limepita, alama yake imebaki.

Kwa lango lililo kinyume cha NA sijapata neno moja. Labda SI-VYOTE litafaa, maana hutoa 1 maadamu si vyote viingiavyo vilivyo 1. Nalo lahitaji jina upesi, kwa kuwa ndilo ambalo jina lake la Kiingereza limepewa hifadhi iliyomo katika simu za mkononi.